Bei ya Njia hadi Liège

18 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana imepiga leo. Ilizima courant, umeme, mtaa mzima wa Nguba, ikatuacha tumekaa na santuri mezani bila namna ya kuzisikiliza. Mdogo wangu Akonkwa akalala kwenye kiti. Mimi nikachukua daftari. Tangu shirika nililofanyia kazi lifunge mradi wake na kutuaga kwa soda na hotuba, mkono wangu umekosa ripoti ya kuandika. Basi utaandika haya.

Tunauza santuri za zamani kwenye mtandao, zile ndogo za wimbo mmoja kila upande. Tunazitafuta kwenye nyumba za watu, Kadutu, Kavumu, popote ambapo muzee fulani aliwahi kuwa na gramafoni. Wanunuzi wako Ulaya, wachache Japani. Mimi nasafisha, nasikiliza, naandika hali ya kila moja na kujibu wateja. Akonkwa anapiga picha, anafunga koli, vifurushi vya posta, na kupanga bei. Mireille, jirani yetu anayefanya biashara ya mpakani, anavusha koli mto Ruzizi ulio mpakani kila Alhamisi na kuzipeleka posta ya Kigali.

20 Septemba

Mvua. Hakuna aliyenunua.

27 Septemba

Mwanamke mmoja wa Namur, Ubelgiji, jina lake Valérie, amechukua santuri mbili. Anafanya kazi katika maktaba ya shule. Ameandika: "Santuri hizi zitasafiri ndani ya koli moja. Kwa nini nalipa gharama ya njia mara mbili?"

Nikamsomea Akonkwa.

"Mujibu kama iko règle, sheria ya duka."

"Iko règle kweli?"

"Iko règle yetu."

Nikamjibu kwa upole kwamba ndivyo duka lilivyopangwa. Alilipa bila neno. Nikamwona mama mgumu, wa kuhesabu hadi punje ya chumvi.

5 Oktoba

Koli ya Valérie imefika mapema kuliko kawaida, na leo ameandika maoni mbele ya watu wote: "Santuri safi, maelezo ya kweli. Lakini gharama ya kutuma ni wizi uliovaa koti." Chini yake ameweka picha ya stempu za koli yetu. Bei ya posta inasomeka wazi. Haifiki nusu ya tulichomtoza.

Nyota za duka zimeshuka. Nimekaa na picha ile asubuhi nzima. Ningependa kumkasirikia, lakini sioni pa kuanzia.

6 Oktoba

Tumegombana, na nyumba bado ina baridi ya ugomvi.

Akonkwa alikuja na jibu tayari kwenye simu, refu, kali, lenye neno "ubaguzi" ndani yake. Nikamwambia asilitume.

"Dada, santuri yenyewe, disque, tunaiwekaka bei ya chini ili watu waingie," akasema. "Faida inapita mu njia. Watu yote wanafanya vile."

"Wateja wanajua?"

"Mu biashara, mutu anajua kila kitu?"

"Ukienda soko la Nyawera kununua nyanya, mama wa nyanya akuambie nyanya ni rahisi, kisha akulipishe mufuko bei ya kilo mbili, utaita nini?"

"Unaniita mwizi."

"Nakuuliza utaita nini."

Alichukua utepe wa gundi, ule mkubwa anaofungia koli, akauweka mezani mbele yangu taratibu, kama mtu anayerudisha ufunguo.

"Basi funga weye," akasema. Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Ni miaka tisa tofauti yetu. Nilimbeba mgongoni. Leo nimemwona kama mtu wa dukani tu, mwenye tamaa, na kuona vile kumeniumiza kuliko maneno yake.

8 Oktoba

Mireille amenieleza bei halisi ya posta, kwa uzito. Nimeibandika dukani vilevile, bila kuongeza kitu, na koli moja ni njia moja hata zikiwa santuri tano. Nimewaandikia wateja wote tuliowazidishia na kuwarudishia tofauti. Mfuko umebaki mwepesi. Mume wangu, Bisimwa, aliniangalia nikifanya hivyo, akasema, "Umefanya vizuri. Lakini ukifuta ubao, hakikisha umesoma kwanza kilichoandikwa." Yeye ni mwalimu, husema hivyo kwa kila jambo. Sikumsikiliza sana.

9 Oktoba

Valérie: "Nimepokea. Nitanunua tena." Amenunua kweli, moja, siku hiyohiyo. Na ameondoa neno "wizi."

12 Oktoba

Leo sauti ya nyumbani imetoka mbali. Mzee mmoja, Papa Mushagalusa, amenipigia kutoka Liège. Ameishi kule tangu ujana wake, lakini Kiswahili chake bado kina harufu ya Kadutu.

"Maman Priscille, miye sikusanyi disque. Natafuta moja tu."

Zamani kiwanda kimoja cha chai upande wa Kabare kilikuwa na orchestre ya wafanyakazi, Majani Mabichi. Walirekodi santuri moja, kisha wakatawanyika. Wasichana watatu waliimba nyuma ya gitaa. Mmoja alikuwa Emmanuella, mke wake. Alifariki Desemba iliyopita. Misa ya mwaka itakuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa kumi na mbili, na baada ya misa familia itakula pamoja nyumbani.

"Alipofika huku aliacha kuimba," akasema. "Hata kanisani alikuwa anafunga kinywa. Alisafisha maofisi ya watu, akalea watoto wetu watatu. Sauti yake waliisikiaka tu ikiwaita kula, toka jikoni. Watoto hawaniamini nikisema aliimbaka. Wanaona papa amezeeka, anatunga."

Nilimwahidi kutafuta. Sikumwahidi kupata.

17 Oktoba

Hakuna Kadutu. Hakuna Bagira. Akonkwa angejua mlango wa kubisha, ila hajafika tangu siku ile.

24 Oktoba

Nimeipata.

Nilipanda hadi Mudaka kwa Maman Cibalonza, mjane aliyewahi kuchambua majani ya chai kwenye kile kiwanda. Nilimsalimu "Asinge" mlangoni, akanikaribisha jikoni moshi ukitoka kila upande. Santuri ilikuwa ndani ya sanduku la nguo, chini ya pagne, vitenge vya harusi yake. Pochette, bahasha yake, imeliwa na mende kona moja, lakini santuri yenyewe inang'aa.

"Hii tulicheza juu yake siku moja tu," akasema. "Gramafoni ya bwana yangu iliharibika mwezi ule." Alicheka. "Emmanuella? Yule wa sauti ya juu. Kapita, musimamizi wetu, alikuwa anamukatalia kuimba kazini, sababu tulikuwa tunasimamisha kazi kumusikiliza."

Nilipomwambia amefariki, aliifuta santuri kwa kona ya kitenge chake kabla ya kunipa.

2 Novemba

Nimefunga koli ya Liège. Bei niliyompa Papa Mushagalusa ni ya posta tupu, kwa hiyo kartoni nimekata kwenye maboksi ya biskuti ya mama wa duka la pembeni, anayenipa bure. Zamani Akonkwa alinunua kartoni nzito kwa wauza vigae, Nyawera, na mimi nilidhani ni ufahari. Nimeweka karatasi mbili, nimezungusha utepe wa gundi, nimeandika FRAGILE pande zote. Mireille ameondoka nayo asubuhi, mvua ikiwa imepumzika.

9 Novemba

Valérie amepata santuri yake ya tatu. "Bei nzuri, asante. Lakini kona ya koli imepinda. Kartoni hii ni nyembamba kuliko ya kwanza. Angalia."

Nilisoma nikajiambia: huyu haridhiki kamwe. Ukimtoza sana analia, ukimtoza kidogo analia. Kisha nikakumbuka kilicho njiani.

10 Novemba

Mvua.

14 Novemba

Mvua mchana kutwa. Kilima kimeteremka na nyumba mbili upande wa Kadutu. Watu wamepona, vitu hapana. Mireille anasema barabara ya Kamembe, ng'ambo ya mpaka, ni tope na magari yanasukumana. Kila nikikata kartoni ya biskuti naisikia inavyopasuka kirahisi mkononi. Nimeacha kuitumia. Koli mbili zinangoja.

21 Novemba

Papa Mushagalusa alipiga simu saa ya chakula. Niliona jina lake, nikaacha ugali ukapoa.

"Maman Priscille, koli imefika."

"Tunamushukuru Mungu, Papa."

"Ndiyo. Iko mbili."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anasema tumemtumia santuri mbili.

"Imekatika," akasema. "Hapa katikati. Vipande vinalingana vizuri. Nilijaribu kuvishikanisha kwa mikono kabla nikupigie, lakini haiwezekane, si ndiyo?"

"Haiwezekane, Papa."

"Eh. Nilijua. Samahani nakusumbua saa ya kula. Sikuite juu ya feza. Nilitaka tu ujue kama ilifika, usingojee bure. Haiko kosa yako. Iko watu wa poste, wanatupa vitu kama mawe."

Alikuwa amenifungulia mlango, na ulikuwa mpana. Ningeweza kusema ndiyo, Papa, posta. Ningemrudishia chake, tungeagana kwa baraka, nyota zikabaki pale pale. Bisimwa alikuwa ameacha kula, ananiangalia. Nilikiona kile kiboksi cha biskuti waziwazi, na mikono yangu ikikikata.

"Papa, haiko poste," nikasema. "Ni miye. Nilifunga na kartoni mubaya. Nilitaka bei ya njia iwe chini kabisa, nikasahau kama disque nayo inahitaji nguo ya safari. Koli ingine ilishaonyesha ubaya wa ile kartoni, lakini yako ilikuwa imeenda."

Nilisikia maji yanatiririka mahali fulani nyumbani kwake, labda bomba la jikoni.

"Aksanti kwa kuniambia," akasema mwishowe. Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. "Sasa kuko ingine?"

"Sijui, Papa. Nitatafuta. Na hela yako itarudi yote, ya disque na ya njia."

"Ya njia uache. Ilisafiri."

"Itarudi, Papa. Safari ni kufika muzima."

Alikata simu kwa upole. Mimi nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Wazungu wananiita muuzaji mwaminifu, wameandika hivyo kwa nyota. Mzee wa Kadutu ameshika sauti ya mke wake vipande viwili mikononi, akaniomba samahani.

22 Novemba

Nimemwita Akonkwa. Nilidhani hatakuja. Alifika na mkate, akakaa palepale alipokaa zamani, nikamweleza yote.

Aliomba kuona kartoni iliyobaki. Akaikunja kwa vidole viwili.

"Dada. Ulifunga na hii?"

"Na hii."

Hakucheka. Akaniambia jambo ambalo nilipaswa kuuliza kabla ya kumfananisha na mama wa nyanya. Mwezi wa saba koli mbili zilipotea njiani. Wateja waliandika kwake moja kwa moja, akawarudishia hela zao bila kuniambia, kwa sababu mradi wa shirika ulikuwa umefungwa wiki ileile na mimi nilikuwa silali. Hela ilitoka kwenye bei ya njia. Kartoni ya wauza vigae ilitoka humo. Siku Mireille alipozuiwa na tope akalala Kamembe, chakula chake na kitanda vilitoka humo.

"Yote ilienda vile?"

"Hapana. Ingine nilikula. Unité za simu, chemise ile ya bleu ninayovaaka. Sitakudanganya."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungesema tuwaandikie wateja. Na ungekuwa na haki. Basi nikanyamaza."

Nikamwambia nimekosa kumwita vile. Akasema Valérie naye hakukosa: kama kitu kina sababu, kiandikwe. Tukakata mkate. Kwa siku nyingi nilimwona kuwa mmoja wa wale wanaokula kimyakimya. Kumbe alikuwa pia anabeba kimyakimya. Yote mawili ni yeye, na sijui kama ningependa nusu tu.

26 Novemba

Tumepanda wawili hadi Mudaka baada ya misa. Maman Cibalonza hana nyingine. Nilimwambia ukweli kuhusu ile aliyonipa, nikitazama chini. Alikuwa anamenya maharage mabichi, akaendelea kumenya.

"Ilikaa kwangu miaka mingi bila kuimba," akasema. "Kwenu ilipata kuimba?"

"Mara moja, Maman, wakati wa kuijaribu."

"Basi ilipata." Kisha akamgeukia Akonkwa. "Na muulize wale wanaonunuaka. Miye mutu wa shamba nilikuwa nayo. Wale wenye kuzitafuta hawakosi."

27 Novemba

Akonkwa alisita. Kuwauliza wateja ni kutangaza kwamba tumevunja. Nikasema tumwulize mmoja tu, yule ambaye hajawahi kutuambia jambo lisilo kweli, hata lilipotuuma. Nimemwandikia Valérie kila kitu: Emmanuella, misa, kartoni ya biskuti.

28 Novemba

Mvua. Hajajibu.

29 Novemba

Amejibu. "Majani Mabichi ninayo. Niliinunua zamani sokoni Brussels, kwa sababu ya picha ya majani ya chai. Siuzi vitu vyangu. Lakini sina mtu wa kumsikiliza ndani yake, na huyo mzee anaye. Nitamwachia kwa bei niliyonunulia. Sitaiamini posta mwezi wa Noeli. Liège si mbali, nitaipeleka mwenyewe siku ya misa, ikiwa familia inakubali mgeni. Utanilipa njia. Nitakutumia risiti."

Nilimsomea Akonkwa mara mbili. Akasema, "Huyu mama mukali." Lakini alisema kwa sauti ya heshima.

Papa Mushagalusa nilipompa habari aliniuliza jambo moja tu: mgeni huyo anakula samaki?

3 Desemba

Tumebadilisha duka. Kila santuri sasa ina maelezo ya njia kwa Kifaransa rahisi: hii ni ya posta, hii ni ya kartoni nzito, hii ni ya mama anayevusha koli, na hii kidogo ni ya tahadhari, ikipotea au kuvunjika utarudishiwa chako chote bila kubishana. Akonkwa aliandika, mimi nikafuta maneno yaliyozidi. Bei imekuwa juu kuliko niliyoweka, chini kuliko aliyoweka. Ameuchukua tena ule utepe wa gundi, na mimi sijauomba.

6 Desemba

Oda tatu. Hakuna aliyeuliza juu ya njia.

11 Desemba

Mvua, magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, watoto wanayafuata. Tumefunga koli mlango ukiwa umefungwa.

17 Desemba

Barua ya Valérie, na picha ya tikiti ya treni, Namur hadi Liège. Ya kwenda tu.

"Ya kurudi ni juu yangu," ameandika, "kwa sababu nilibaki. Walinilisha samaki wadogo waliokaangwa na mboga ambayo jina lake sikulishika, na hakuna aliyeniacha niondoke kabla ya giza. Hiyo haikuwa kazi yako, kwa hiyo huilipi. Santuri imefika nzima. Mengine atakueleza mwenyewe."

Tumemtumia bei ya tikiti, ya kwenda, kamili. Akonkwa aliangalia ile tikiti kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuona bei ya njia iliyonyooka namna hiyo.

19 Desemba

Papa Mushagalusa amepiga jioni. Nilimweka kwenye spika ili Akonkwa na Bisimwa wasikie.

Alisema baada ya chakula walifuta meza, wakaweka gramafoni waliyoazima kwa parokia. Watu walikuwa wengi, wajukuu wakikimbia. Yeye alisimama kando ya chombo. Alikuwa amejipanga: wasichana watatu wanaingia pamoja baada ya gitaa, na mtu asiyewajua hawezi kuwatenganisha, kwa hiyo angenyoosha kidole juu pale sauti ya Emmanuella inapopanda, ili watoto wajue ni ipi.

"Gitaa ikapiga, ikapiga," akasema. "Nikainua mukono niwe tayari. Wale wasichana wakaingia wote watatu. Na kabla ninyooshe kidole, Maman Priscille, watoto wangu wakageuka. Wote watatu, mara moja, waliangalia mulango wa jikoni."